Kufuata reli ya troli na mipaka ya Mji wa Kale, Mombasa

Huu ni mwongozo wa kutafuta, kwa hati, picha na ramani, mipaka ya Mji wa Kale na njia ya troli, yaani vigari vilivyosukumwa na watu juu ya reli. Ukitafuta mpaka wa Mji wa Kale kwa jina lake tu, utapotea, maana jina lenyewe limehama. Leo tunamaanisha eneo lote lililo kati ya Barabara ya Digo na bandari ya zamani, kuanzia Ngome ya Yesu. Zamani Mji wa Kale ulikuwa upande wa kaskazini, ilipo sasa Hospitali Kuu ya Pwani, na mtaa wa karibu na ngome, walipokaa Wareno, ukaitwa Gavana. Kwa hiyo kila hati ipewe mwaka wake kwanza, ndipo uchore mstari.

Baada ya hapo andaa jedwali la majina ya barabara, la zamani na la sasa. Salim Road ndiyo Barabara ya Digo, Kilindini Road ndiyo Moi Avenue, Vasco da Gama Street ndiyo Sir Mbarak Hinawy. Macdonald Terrace, ambayo utaikuta kila mara ukisoma habari za troli, ni Nkrumah Road. Ndia Kuu haikubadilika, ila makarani wengine waliiandika Njia Kuu kwa kuwa hawakuzoea Kimvita. Tafuta kwa tahajia zote mbili. Na neno troli lenyewe, katika maandishi ya Kiingereza ya wakati ule, tafuta trolley na trolly.

Reli ya troli ina asili ya kusikitisha kidogo. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza ilianza kujenga reli nyembamba ya kwenda bara, ikaishia maili chache tu. Vyuma vikang'olewa, vikaletwa kisiwani, vikatandikwa kati ya bandari ya zamani na Kilindini, bandari ya upande wa magharibi wa kisiwa. Hapakuwa na injini wala farasi. Vibarua walisukuma kigari chenye benchi na kitambaa cha kivuli juu. Penye mteremko walirukia nyuma wakaserereka nacho. Matawi mafupi yaliingia hadi nyumbani kwa maofisa, na hayo ndiyo yanayoachwa nje ya ramani nyingi. Magari ya mafuta yaliiua mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Kosa kubwa kwenye picha za zamani ni kuichanganya reli hii na ile ya Uganda, iliyoanza kujengwa 1896. Ya Uganda ina upana wa milimita 1,000, ya troli ni futi mbili, yaani kama milimita 610. Mtafute mtu aliyesimama kati ya vyuma. Mabega ya mtu mzima ni kama sentimita 45, hivyo kwenye reli ya troli mtu mmoja anakaribia kuijaza nafasi yote. Kwenye ile nyingine wawili wanaenea. Postikadi nazo zina hila zake. Ikiwa mgongo wake umegawanywa sehemu mbili, anwani na ujumbe, basi haikuchapwa Uingereza kabla ya 1902, lakini picha yenyewe yaweza kuwa ya miaka mingi nyuma. Muhuri wa posta hukwambia ilitumwa lini, si ilipigwa lini.

Ukifika kwenye ramani ya zamani, ipachike juu ya ramani ya leo kwa programu ya bure kama QGIS. Chagua alama zisizohama, tano au sita, zilizotawanyika: pembe za ngome, mnara wa Msikiti wa Mandhry, makutano ya Ndia Kuu. Usitumie ufuo wa Kilindini, maana magati yameubadilisha kabisa. Ramani za upimaji za Kenya hutumia mfumo wa kuonyesha mahali uitwao Arc 1960, ambao si ule wa GPS. Ukisahau kuubadilisha, kila kitu kinasogea karibu mita 300 kuelekea kaskazini, ngome inaangukia kwenye nyumba za watu, nawe unabaki kulaumu mchoraji aliyefanya kazi yake vizuri.

Maandishi yaanzie kwenye Gazeti Rasmi la serikali ya Waingereza ya huku, lililotoka tangu 1899, kisha Nyaraka za Taifa Nairobi. Barua za kutoka huku kwenda London ziko Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, fungu CO 533 la wizara ya makoloni, kuanzia 1905. Za kabla ya hapo ziko kwenye mafaili ya wizara ya mambo ya nje.

Mwisho itembee njia yenyewe asubuhi mapema, kabla ya mikokoteni kujaa, kutoka Government Square, karibu na bandari ya zamani, hadi Kilindini. Angalia zaidi malango mapana na kona zilizokatwa: kigari cha reli hakipindi kona kali.