Mfugaji wa Mchezoni

Februari 2021 Uingereza ilikuwa imejifungia kwa mara ya tatu kwa sababu ya korona. Mimi nilikuwa nahudumu kwenye nyumba ya wazee karibu na Penrith, kaunti ya Cumbria, kaskazini kabisa, kwenye milima ya kondoo. Mchana kazi, jioni mchezo. Nasema mchezo, yaani igizo la kusikiliza, kama tulivyosema kwetu Handeni enzi za Twende na Wakati, iliyoanza Radio Tanzania mwaka 1993, hata Mkwaju, yule dereva wa lori aliyepata UKIMWI mchezoni, akawa anasemwa mtaani kana kwamba amepanga chumba kwa jirani.

Mchezo wetu ulikuwa wa wanakijiji tu: mwalimu mstaafu, fundi bomba, mama mwenye duka, mimi, na mzee mmoja mfugaji. Ukumbi wa kijiji ulipofungwa mwaka uliotangulia, kila mtu akawa anajirekodi kwake kwa simu, mwalimu anaunganisha sauti na kuziweka kwenye intaneti kila Ijumaa. Mimi nilirekodia ndani ya kabati, katikati ya makoti, maana nguo humeza mwangwi. Hatua za mtu kwenye theluji tulizipata kwa kubinya mfuko wa wanga wa mahindi. Geti la shamba lilikuwa meza ya fundi bomba ya kupigia pasi; ukiikunjua taratibu inalia vilevile.

Kijiji kuwa na mchezo wake halikuwa jambo la ajabu huko. BBC wanarusha The Archers nchi nzima tangu 1951, mchezo wa maisha ya shamba ulioanzishwa pia kuwaelimisha wakulima wazalishe zaidi, kwa kuwa wakati huo chakula kilikuwa bado cha mgao. Kilichotuletea waandishi wa habari sisi ni sehemu moja tu, na sehemu hiyo ilikuwa ya yule mzee.

Kwao mtu huitwa jina lake, hata awe na mvi. Mimi nilishindwa, nikamwita Mzee, akaitikia. Jioni moja alinipigia simu akasema, "Binti, andika kwamba mfugaji wa mchezoni alikuwepo mwaka 2001."

Mwaka huo ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa tarehe 20 Februari kwenye machinjio ya Essex, kusini. Hadi kisa cha mwisho kilipopatikana mwishoni mwa Septemba, visa vilikuwa vimefika 2,026 na wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wameuawa. Cumbria ndiyo iliyoumia kuliko kote. Hata shamba lisilo na mnyama mgonjwa, likipakana na lenye ugonjwa, wanyama wake waliuawa.

Nilimwambia sielewi. Ng'ombe wa babu yangu waliugua ugonjwa huohuo. Walitoka vidonda mdomoni, wakachechemea, maziwa yakakauka. Babu akawaosha kwa maji ya magadi, akawakatia majani laini, na wengi walipona. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza bila hasira. Kumbe hata huko walijua kwamba mnyama mzima mara nyingi hafi kwa ugonjwa huo. Ila nchi ilitaka itambulike kuwa haina ugonjwa na haichanji, ili nyama yake ipate soko nje, kwa hiyo ikaua.

Halafu akaniambia habari ya kondoo wenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kuandika kwa kasi. Kondoo wa milima ile hawana uzio. Kila kundi linajua eneo lake la malisho, kwa sababu jike humzoesha mwanawe, naye akikua humzoesha wake, vizazi kwa vizazi. Shamba likiuzwa, kundi huuzwa pamoja nalo. Ukiwaua wote siku moja, hakuna aliyebaki wa kuwaonyesha wageni mpaka uko wapi.

Hakuwahi kusema "mimi". Kila sentensi ilikuwa ya mfugaji wa mchezoni: alifanya hivi, aliona vile. Madaktari wa mifugo walimaliza kazi asubuhi. Alasiri mfugaji akachukua ndoo ya chakula kama kawaida yake, akaenda nayo hadi zizini, akasimama. Tulirekodi sehemu ile hivyohivyo, mkono wa ndoo ukilia, kisha kimya kirefu ambacho mwalimu alitaka kukifupisha nami nikamkatalia.

Wiki ile ilikuwa inatimia miaka 20, basi gazeti la kaunti likatuandika, na siku chache baadaye wakaja watu wa televisheni kutoka mbali. Walisimama mita mbili na sisi kama sheria ilivyotaka, maikrofoni ikiwa kwenye fimbo ndefu.

"Haya yalikukuta wewe mwenyewe?" mwandishi akamuuliza Mzee.

"Yalimkuta mfugaji wa mchezoni. Umemsikiliza?"

Akauliza tena kwa kuzunguka. Mzee akajibu lilelile. Wakamwomba asimame kando ya zizi, atazame mlimani, wakampiga picha akitazama. Mimi niliulizwa nilifikaje huko na kama nimeizoea baridi. Nikawaeleza habari za ng'ombe wa babu na yale magadi, wakashukuru.

Usiku wakarusha. Nilionekana nimevaa koti, nikicheka. Mzee akaonekana akitazama mlima, na sauti ya mwandishi ikasema kwamba baada ya miaka yote hiyo mfugaji huyu bado hawezi kulizungumzia jambo hilo. Iliniuma sana, na bado naona alidhulumiwa. Hawezi? Alikuwa amelizungumza kwa dakika 12, neno kwa neno, mbele ya yeyote aliyetaka kusikia! Alichagua tu mlango wa kupitia. Kwetu watu walifunguka kuhusu UKIMWI kwa kumsema Mkwaju, na hakuna aliyewadai wakiri kwanza kuwa ni wao.

Aliyefuata alikuwa mama mmoja wa redio ya huko. Alipiga simu, na swali lake la kwanza lilikuwa kama anaruhusiwa kuirusha sehemu ile yote, pamoja na kimya chake. Kisha akamuuliza Mzee inachukua muda gani kulizoesha kundi jipya mlima. Mzee aliongea karibu nusu saa. Habari za 2001 zilitoka zenyewe humo ndani, hazikuvutwa na mtu.

Baada ya hapo simu zikaanza kuingia kwa mwalimu. Wengine walipiga kutoka Longtown, ambako soko la kondoo lilichangia kuusambaza ugonjwa. Mwanamke mmoja alisema baba yake hajawahi kulitaja jambo hilo mezani, lakini ameuliza kama kwenye mchezo kuna nafasi ya jirani wa mfugaji. Tukaiweka nafasi. Tukaongeza na dereva wa lori la mizoga, na mke wa mfugaji.

Mzee akaanza kunisimulia sehemu mpya, ile ya kununua kundi jingine na kushinda nalo mlimani kutwa nzima, mtu na mbwa wake wakifanya kazi ambayo kondoo jike wangeifanya. Nilipomsomea nilichoandika akanikatiza. "Hakuna mfugaji anayemwambia mbwa maneno marefu hivyo. Futa. Andika filimbi."