Ripoti ilisema faida, daftari likakataa

Januari 2025 soko la sarafu za kidijitali ninalotumia lilinitumia ripoti yangu ya mwaka. Ilipambwa rangi, na kwa maandishi makubwa ikasema: bitcoin yako imepanda asilimia 32. Nilifurahi nikamwonyesha binti wa kaka yangu, anayesomea uhasibu. Akaitazama kimya, kisha akauliza, "Shangazi, na zile ulizouza Agosti ziko wapi humu?"

Hazikuwamo.

Nauza vifaa vya simu hapa Mombasa, na sehemu ya mzigo naagiza Guangzhou. Muuzaji wangu wa huko hupokea USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kwa hiyo nainunua kwa P2P, yaani mtu kwa mtu kupitia soko lile, namlipa mwenye nayo kwa M-Pesa, halafu naituma China. Bitcoin ilikuwa akiba ya pembeni tu.

Usiku mmoja baada ya kufunga duka tukakaa na laptopu. Ripoti haikuwa na mahali pa kubonyeza uone hesabu ilivyofikiwa. Historia kamili ya miamala ilikuwa ndani kabisa ya mipangilio, tena inatolewa miezi mitatu mitatu. Tukapakua mafaili manne, tukaomba na taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, tukaanza kulinganisha mstari kwa mstari.

Machi 2024 nilinunua bitcoin 0.03 kwa bei ya dola 71,000, jumla dola 2,130. Tarehe 5 Agosti bei zilipoporomoka nilishikwa na hofu nikauza 0.02 kwa dola 51,000. Hapo nilipoteza dola 400. Ile 0.01 iliyobaki ilifunga mwaka ikiwa na thamani ya kama dola 935, yaani faida ya dola 225, na hiyo ndiyo asilimia 32 waliyonipongezea. Ukijumlisha vyote, nimepata hasara ya dola 175, kabla ya ada. Hakuna tarakimu hata moja ya uongo kwenye ripoti ile, na hilo ndilo lililoniuma: wamehesabu kilichobaki mkononi, kilichokwisha kuniponyoka wakakiacha.

Upande wa USDT, ripoti ilisema P2P ni "bila ada". Kuanzia Juni dola ilikuwa karibu shilingi 129, mimi nanunua USDT kwa 132. Kwa USDT 9,000 hizo ni shilingi 27,000, mshahara wa kijana wangu wa dukani wa mwezi mmoja na zaidi. Najua tofauti ile huenda kwa anayeniuzia USDT, si kwa soko lenyewe. Lakini mimi ndiye niliyeilipa, na ripoti inayojiita yangu ingeionyesha. Ada ya kutuma, USDT 1 kila safari kwa safari 34, nayo haikutajwa.

Nilipoandika kwa huduma kwa wateja mara ya kwanza, nilijibiwa kwa salamu na kiungo cha maelezo ya jumla. Mara ya pili niliambatisha jedwali letu, nikauliza swali moja: kwa nini mauzo ya tarehe 5 Agosti hayamo? Baada ya siku tisa wakajibu kwamba muhtasari huonyesha mali iliyopo tu. Angalau sasa nina jibu lao kwa maandishi.

Jambo jingine nililojifunza usiku ule ni kuhakiki kama pesa zangu zipo kweli. Tangu FTX, soko kubwa la sarafu za kidijitali, ianguke Novemba 2022, masoko mengi hutoa uthibitisho wa akiba kwa mti wa Merkle: salio lako hupewa mfuatano wa herufi na tarakimu, unaunganishwa na ya wengine hadi mzizi mmoja uliotangazwa hadharani. Nilinakili wangu, nikauhakiki, ukakubali. Hata hivyo unathibitisha siku moja tu, wala hauonyeshi madeni yote ya kampuni.

Oktoba 2025 Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali pepe, yaani sarafu kama hizi, chini ya usimamizi wa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Ombi langu kwao ni mistari minne tu ndani ya ripoti ya kila mteja: ulichonunua kwa bei gani, ulichouza kwa bei gani, ada zote, na bei halisi ya P2P kando ya bei ya benki.

Siku hizi kila nikinunua naandika palepale kwenye daftari la mzigo: tarehe, kiasi, bei, namba ya muamala wa M-Pesa. Ripoti iliyofuata ilipofika sikuifungua kwanza. Nilijumlisha langu, nikapiga mstari chini, ndipo nikaifungua.