Nilivyofunga intakula kwenye Hilux ya 2KD

Hilux yenye injini ya 2KD-FTV, ile ya kilowati 75, ina turbo, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini, lakini haina intakula, yaani kipoza hewa kinachokaa kati ya turbo na injini. Hewa inatoka kwenye turbo, inavuka juu ya injini kwa bomba moja fupi na kuingia kwenye manifoldi, ile inayozigawia silinda hewa, ikiwa bado ya moto. Kabla ya kushika spana nilifunga vipima joto viwili, kimoja kwenye mdomo wa manifoldi na kingine kwenye egzosti kabla ya turbo, nikapanda mlima Kitonga na kilo 800 nyuma. Nje kulikuwa na nyuzi 31. Turbo ikisukuma bar 0.9, hewa iliyokuwa ikiingia kwenye injini ilifika nyuzi 121, na egzosti 690. Bila namba hizo ningebaki kusema "gari inavuta vizuri", na hilo mtu husema hata akishaosha gari tu.

Kipima joto cha egzosti kina kasheshe yake. Tundu lake linatobolewa kwenye manifoldi ya egzosti, ya chuma, na chembe zikibaki ndani zinakwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Mimi niliifungua manifoldi nikaitobolea mezani. Wapo wanaotoboa ikiwa garini kwa kupaka grisi kwenye keekee ili inase chembe. Shauri yao.

Swali la kwanza ni mahali pa kuiweka intakula. Juu ya injini mabomba ni mafupi, ila lazima utoboe boneti na kuweka pua ya kuingizia hewa, na ukiwa nyuma ya semitrela linalopanda kwa kilomita 15 kwa saa hakuna hewa inayoingia puani. Intakula inakalia joto la injini na kugeuka jiko. Ikikaa mbele ya rejeta, feni ya injini inaivutia hewa hata gari likitambaa. Nikachagua mbele, nikijua kwamba nitalipia kwa mabomba marefu na kwa joto litakalosukumwa kwenye kondensa ya AC na rejeta.

Nilichukua ya urefu wa milimita 550, kimo 180 na unene 65. Zipo za aina mbili: zilizojengwa kwa vyuma vya mraba vilivyopangwa kama ngazi, nzito na hazijali kokoto, na za mirija bapa, nyepesi zinazopitisha hewa kwa urahisi kwenda nyuma. Kwa barabara za vumbi na mawe nilichukua za ngazi. Anayekaa mjini na AC muda wote achukue za mirija, rejeta yake itamshukuru. Za mtumba za pale Ilala ni nzuri kama umeona gari zilikotoka. Kama turbo ya gari hiyo ilivunjika, vipande vya chuma vimejificha ndani ya mapezi, havitoki kwa petroli wala kwa presha, na vitatoka siku vinapotaka vyenyewe.

Dukani watakusukumia mabomba ya milimita 63, kwamba makubwa ndiyo bora. Kwa injini hii 51 zinatosha. Kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika hewa ndani ya bomba la 51 inakimbia kama mita 35 kwa sekunde, mwendo wa kawaida kabisa kwa bomba la turbo. Ukitumia 63 kwa mita mbili na nusu unaongeza zaidi ya lita mbili za nafasi tupu ambayo turbo lazima iijaze kila unapokanyaga mafuta, na mabomba hayo hayapiti pembeni ya rejeta bila kukata bati kubwa.

Vifaa vilivyoingia: bomba la alumini la 51 lenye ukuta wa milimita 2, mita tatu, kona nne za nyuzi 90 na mbili za nyuzi 45, mipira mitano ya silikoni iliyonyooka yenye tabaka nne, mpira mmoja wenye nundu katikati, mipira miwili ya kupunguza kipenyo, mmoja wa mdomo wa turbo na mwingine wa mdomo wa manifoldi, na klipu 16 za boliti zinazoshika kuanzia 57 hadi 65. Midomo hiyo miwili ipime kwa venia, kile kifaa cha kupimia vipenyo, ukiwa umeshafungua bomba la zamani, usiagize kwa kukisia. Na klipu zile za kawaida zenye meno, zinazokata mpira, waachie wa mabomba ya maji.

Kazi yenyewe ilianza kwa kutoa nyaya za betri, grili na bampa. Klipu za plastiki za bampa ya Hilux ya zamani hukatika, nunua kumi mapema. Mbele ya rejeta kuna nguzo ya wima inayoshika kufuli la boneti, na ndiyo inayokuzuia. Usiikate. Nilihamisha honi, nikaisogeza intakula mbele ya nguzo, nyuma ya chuma cha bampa, ikaacha milimita 20 kati yake na kondensa. Ikigusana nayo, mtikisiko utaisugua kondensa hadi gesi itoke. Braketi nne za bati la milimita 3 nilizifunga kwa boliti za M8 zilizopita kwenye raba. Hakuna mahali alumini ilipokutana na chuma moja kwa moja.

Mabomba yanapita pembeni ya rejeta, moja kila upande. Nilitoboa bati kwa msumeno wa duara wa milimita 64, nikapaka rangi ukingo usishike kutu, kisha nikauvisha mpira wa maji uliochanwa kwa urefu. Bila kivazi hicho ukingo unalila bomba.

Mahali ambapo wengi huharibu ni pale bomba linapotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Injini imekaa kwenye raba na inacheza, ukikanyaga mafuta kwa ghafla utaiona ikiinama sentimita moja hadi mbili. Intakula imefungwa kwenye bodi, haichezi. Ukiunganisha viwili hivi kwa bomba lililokaza kote, kitakachopasuka ni welding ya kwenye kona, na mara nyingi inapasuka chini ambako huoni. Kwa hiyo mpira wenye nundu nikauweka karibu na turbo, na upande wa manifoldi nikatumia mpira mrefu kidogo, wenye nafasi ya milimita 15 kati ya ncha mbili za bomba. Mabomba yenyewe niliyashika kwa braketi upande wa bodi tu.

Ncha ya bomba lililokatwa ni laini, na mpira wa silikoni unateleza juu yake kama sabuni. Inatakiwa ukingo ulioinuka. Fundi mwenye mashine ya kukunja ncha anaumaliza kwa dakika mbili. Ukikosa mashine, mwambie mchomeleaji wa alumini azungushe mstari mwembamba wa welding milimita 8 kutoka kwenye ncha, kisha uulainishe kwa faili usikate mpira. Klipu inakaa nyuma ya ukingo huo, kamwe si juu yake. Wakati wa kuvisha, futa bomba kwa petroli likauke, pulizia ndani ya mpira ile dawa ya kushikiza nywele ya saluni, uvishe ingali mbichi. Inateleza wakati wa kuvaa, ikikauka inagandisha. Ukipaka oili au grisi, mpira utaruka mlimani, tena utaruka ukiwa na mzigo. Klipu nilizikaza kwa Nm 7. Zaidi ya hapo mpira unabonyea na alumini inaanza kukunjika.

Kabla ya kufunga kitu chochote moja kwa moja, osha. Msumeno na grainda huacha unga wa alumini ndani, na unga huo hauna chujio la kupitia, uko nyuma ya turbo, unakwenda kwenye valvu. Niliosha kila bomba kwa maji ya moto na sabuni, nikavuta kitambaa kilichofungwa kwenye waya hadi kitoke cheupe. Intakula mpya kutoka kwenye boksi niliiosha vilevile, na ilitoa chembe.

Kisha kupima uvujaji, mara mbili. Kwanza mabomba na intakula vikiwa chini: ziba mdomo mmoja, mwingine utie kizibo cha bomba la plastiki kilichotobolewa na kuwekwa valvu ya tairi, jaza bar 1, zamisha kwenye pipa la maji kama unavyotafuta pancha. Kona moja ilitoa viputo vidogo kwenye welding, ikarudi kuchomelewa. Mara ya pili ni kila kitu kikiwa kimefungwa garini, kizibo kikiwa kwenye mdomo wa kuingilia turbo. Hapa kuna hatari moja: ule mpira wa pumzi ya injini unaotoka kwenye kifuniko cha valvu na kuingia kabla ya turbo. Usipouchomoa na kuziba tundu lake, presha yako itashuka hadi kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na kusukuma sili za oili. Nikauchomoa, nikaziba, nikajaza bar 0.8 taratibu, nikanyunyizia maji ya sabuni kwenye kila mpira. Presha haikai muda mrefu kwa sababu kuna valvu ya silinda fulani itakuwa wazi, kwa hiyo usiangalie geji, tafuta mapovu kwenye maungio.

Kijimpira kinachopeleka presha kwenye sensa kibaki kikichukua kwenye manifoldi, baada ya intakula, ili kompyuta isome presha ile injini inayoipata kweli. Kile cha kufungulia mlango wa kupunguza presha ya turbo sikukigusa.

Nikarudi Kitonga na mzigo uleule. Hewa ya kuingia ilikuwa nyuzi 58, egzosti 615. Presha ilikuwa 0.92 kwenye turbo na 0.86 kwenye manifoldi, upungufu wa 0.06, ambao naukubali. Ukipata zaidi ya 0.15 kuna kona mbaya, au intakula ni ndogo. Ukijumlisha, silinda inapata hewa kama asilimia 15 zaidi. Lakini usitegemee nguvu asilimia 15 zaidi, kwa kuwa dizeli inapata nguvu kwa mafuta, na mafuta yanapimwa na kompyuta ileile. Ulichopata ni moshi mchache, egzosti ya baridi na pistoni zenye nafasi ya kupumua. Anayekaza turbo isukume zaidi siku hiyohiyo anazirudisha nyuzi 75 alizotoka kuzilipia.

Joto la maji lilipanda, kutoka 88 hadi 95 AC ikiwaka. Sehemu ya hewa ilikuwa ikizunguka kando ya intakula badala ya kupita ndani. Niliziba mianya ya pembeni kwa sponji ngumu na vipande vya bati jepesi, ikashuka hadi 91.

Klipu zote zikazwe tena baada ya kilomita 200, mpira ukishapata moto na kupoa mara kadhaa, unalegea. Ukiona moshi mweusi wa ghafla na mluzi unaopanda na kushuka na mafuta, mpira umetoka au umechanika nyuma ya turbo. Usiendelee kupanda nao. Utando mwembamba wa oili ndani ya mabomba ni wa kawaida, unatoka kwenye ule mpira wa pumzi. Ila oili hiyo inaupenya mpira wa silikoni wa bei rahisi hadi nje unakuwa wa kunata, kwa hiyo ule wa karibu na turbo nunua wenye bitana ya ndani ya kuzuia oili. Kila nikibadilisha oili naufungua mpira wa chini wa intakula na kuchungulia: kijiko kimoja cha oili nafuta na kufunga, kikombe kizima ni turbo inayoomba kuangaliwa.