Siku ya posho (Jumamosi) mezani kwa fundi wa ampli, Lubumbashi

Saa moja asubuhi. Nafungua kibanda changu Kenya, komini mojawapo ya mji huu, na kabla ya salamu kuisha kwa majirani nimeshapima umeme wa ukutani. Leo ni volti 171. Ampli, yaani kikuza sauti cha gitaa, ya volti 220 ikilishwa hivyo mara nyingi haizimiki. Inalia kinyonge tu, na ukipandisha sauti inakwaruza mapema. Siku kama hizi naletewa ampli nzima kabisa zinazosingiziwa ugonjwa. Nawasha stabiliza, mashine ya kusawazisha umeme, kwanza, hukumu baadaye.

Saa mbili. Kijana mpiga solo kutoka Katuba anaingia na ampli begani. "Yaya (kaka), hii imekufa nusu." Bisibisi sigusi. Nabadilisha kabo, hali ni ileile. Nachomeka gitaa langu, sauti inatoka safi. Basi ampli haina kosa. Gitaa lake lina pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za aktivu, zinazokula betri ya volti 9, na hiyo betri naipima 6 na kitu. Ikishuka hivyo, sauti inapungua na nota nzito zinapasuka. Namwuliza kama huwa anaacha jeki, ncha ya kabo, ndani ya gitaa usiku kucha. Ndiyo, anaacha. Namweleza kwamba jeki ndiyo swichi: ikibaki ndani, betri inaendelea kuliwa hata ampli ikiwa imezimwa. Anakwenda kununua betri. Ya kazi simtozi.

Saa tatu na nusu, shemasi wa kanisa la jirani na ampli ya transista. "Fundi, kesho ibada, na hii iko inaongea kama mtu wa mafua." Kweli, sauti ni ndogo na imechanika, hata gitaa likipigwa polepole.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Wengi wanakimbilia transista za nguvu, kwa sababu ni kubwa na zinaonekana. Mimi naikata ampli vipande viwili kabla ya kuifungua. Nyuma yake kuna matundu mawili, moja la kutoa sauti kwenda kwenye efekti (vifaa vya kubadilisha sauti) na jingine la kuirudisha. Naunganisha matundu hayo kwa kabo fupi, maana swichi ndogo iliyo ndani ya tundu la kurudisha ikipata kutu, sauti inakwama hapohapo, na ugonjwa huo nauona mara kwa mara. Leo siyo huo. Nachukua simu, nacheza wimbo moja kwa moja ndani ya tundu la kurudisha. Sauti inajaa kibanda, safi! Kwa hiyo upande wa nguvu ni mzima, spika ni nzima, na transista zile kubwa hazina hatia. Ugonjwa uko mbele, kwenye priampli, sehemu inayokuza sauti ya gitaa kabla ya kufika upande wa nguvu.

Saa nne umeme unakatika. Nachomoa ampli ukutani, naifungua na kupangusa vumbi jekundu la mji huu kwa brashi. Kwa tochi naona ubao umebadilika rangi, umekuwa kahawia kuzunguka resista mbili nyeupe za wati 5. Nina shaka nazo, lakini shaka si kipimo.

Saa saba, bukari (ugali) na sombe (kisamvu). Umeme unarudi nikiwa bado na tonge mkononi.

Napima ICI (chipu ndogo) ya 4558 inayokuza sauti ya gitaa. Pini ya 8 ina volti 15 chanya, kama inavyotakiwa. Pini ya 4 ingekuwa na 15 hasi, lakini ina 4 tu, na nikisukuma resista kwa kijiti kikavu, namba inarukaruka. Basi nimeikamata. Resista hizo ndizo zinazoshusha umeme mkubwa kuuleta kwenye volti 15. Zinachemka kila siku, risasi ya kulehemu iliyoshika mguu wake inapanuka na kusinyaa mpaka inapasuka kwa duara dogo. Ikikosa upande hasi, ICI inakata nusu ya wimbi la sauti. Nazima, nasubiri, nanyonya risasi ya zamani, nalehemu upya zote mbili, nikiziinua kidogo kutoka kwenye ubao zipate hewa. Napima tena: 15 hasi.

Saa tisa, ampli isiyotumia transista bali taa (vali za kioo) za EL34, kutoka baa moja ya Kamalondo. Inavuma na haina nguvu. Hizi siziingizii mkono ovyo, kwani hata ikichomolewa, kapasita za ndani zinaweza kushika volti zaidi ya 400. Nazimaliza umeme kwa resista, kisha napima mpaka naona sifuri. Spika ya omu 8 inasoma karibu 6.5 kwenye mita, ni sawa. Koni ya spika naisukuma kwa vidole, haikwaruzi. Kapasita za chujio, zinazosafisha umeme, ndizo zimekauka, moja imevimba kichwani. Sokoni zipo za volti 400 tu, nami siziweki, hata nikibembelezwa, maana umeme wa ndani unaweza kuzidi hapo. Nitamwagiza anayekwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Saa kumi na moja shemasi anarudi na mpiga gitaa wake. Wanaijaribu kwa sauti ya juu mpaka fundi cherehani wa pembeni anapiga kelele. Tunavutana bei, tunakubaliana dola 15, nusu leo, nusu baada ya sadaka.

Mwenye baa anapiga simu: bendi inaanza saa mbili usiku, je, haiwezi kulia hata hivyo? Namwambia akodi nyingine. Yake haitoki hapa bila kapasita za volti 450.