Tumbo la mbwa kugeuka jeusi, na hiyo oili chafu mnayowapaka

Jamani kuna kitu kinanikera huku mtaani, mbwa akianza kunyonyoka manyoya kidogo tu mtu mbio gereji kuomba oili chafu, anampaka mwili mzima eti inaua upele. Mbwa si anajilamba? Yote inaishia tumboni, pamoja na mabaki ya vyuma yaliyotoka kwenye injini, na nyingine inapenya kwenye hiyo hiyo ngozi yenye vidonda. Jike langu la German Shepherd tumbo lilivyobadilika rangi kila jirani alinipa ushauri huo. Sikupaka na sitapaka.

Ilianza kwa kujikuna kwapani na mapajani, ngozi ikawa nyekundu, ikaenda kahawia, mwisho nyeusi tii, nene kama ya tembo, halafu inanuka uchachu fulani hivi. Dokta wa mifugo wala hakushtushwa na ule weusi, akasema ngozi ikisumbuliwa muda mrefu inajihami kwa kutengeneza rangi zaidi, kwahiyo weusi ni matokeo tu, cha kutafuta ni kinachomuwasha. Akakwangua kwa wembe mpaka damu ikachungulia, mana wadudu wa demodeksi wanajificha ndani kwenye mashina ya nywele, kukwangua kijuujuu hupati kitu. Hawakuwepo. Akabandika selotepu kwenye ngozi, akaiangalia kwa maikroskopu, kumbe fangasi wa malasezia kibao, na ndo harufu yenyewe hiyo.

Lakini fangasi nao wamedandia tu, mwenye kesi ni kiroboto. Mbwa mwenye aleji na mate ya kiroboto akiumwa na wachache tu anawashwa siku kibao, hasa kiunoni kuelekea mkiani, na wewe ukimpekua unaweza usione hata mmoja. Mayai yanadondoka sakafuni na kwenye matandiko, ndo mana ukimtibu mbwa ukaacha banda umefanya kazi bure. Sasa hivi anakula kidonge cha viroboto, matandiko yanafuliwa kwa maji ya moto, na anaogeshwa shampuu yenye klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu vya ngozi), povu linakaa dakika 10 ndo nasuuza (hizo dakika 10 mbwa mwenye manyoya yote yale zinaisha mmelowa wote). Sabuni ya kufulia hapana, inamkausha na kuwasha kunazidi. Weusi unapungua taratibu sana, tegemea miezi.

Sio kila weusi ni viroboto lakini. Kama hajikuni kabisa, ananenepa, amepoa, manyoya yanatoka pande zote mbili sawasawa, muulize dokta kuhusu kipimo cha damu cha homoni ya tezi ya shingoni (thairoidi). Na mkianza kuwashwa na nyie nyumbani basi huo unaweza kuwa upele wa sakoptesi, ule unahamia kwa watu, wa demodeksi hauhami.

Kingine, ivermektini ya ng'ombe, ile dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi. Watu wanainunua duka la pembejeo wanamchoma mbwa kwa kukadiria macho, wakati wapo mbwa wenye jeni (chembe ya urithi) inayoruhusu hiyo dawa kuingia mpaka kwenye ubongo, anatetemeka, anapofuka, anaweza kufa. Collie ndo wanajulikana zaidi ila hata baadhi ya German Shepherd wanayo, na kwa kumtazama tu huwezi kujua yupi anayo.