Inanna alikwenda kuhani

Nimeirudia hadithi ya kale ya Wasumeri, ya mungu wao wa kike Inanna kushuka kuzimu, na safari hii nimeisoma kama habari ya msiba. Wengi wanaoisimulia hukimbilia milango saba na mungu wa kike anayevuliwa kitu kimoja kimoja mpaka abaki uchi. Wanaruka alichomwambia bawabu alipobisha. Bawabu, Neti, anamuuliza moyo wake umempelekaje kwenye njia ambayo msafiri harudi. Inanna anajibu kwamba bwana Gugalanna, mume wa dada yake mkubwa Ereshkigal, amefariki, naye amekuja kwenye matanga.

Yaani amekuja kuhani. Sasa tazama alivyovaa. Kilemba kichwani. Shanga za lazuli shingoni, lile jiwe la buluu lililokuwa likisafirishwa kutoka milima ya Afghanistan ya leo hadi nchi ya Wasumeri, kusini mwa Iraki. Vazi la kimalkia, pete ya dhahabu, kijiti na kamba ya kupimia mkononi, na wanja machoni, wanja wenye jina lake kabisa: "Mwanamume na aje." Kwenye msiba wa shemeji! Shangazi yangu nilipomsimulia hapo alicheka, akasema huyo anamjua, wamekutana naye kwenye misiba mingi tu.

Ereshkigal, malkia wa kuzimu, si mjinga. Akipewa habari anajipiga paja, anajiuma mdomo, kisha anaamuru milango yote saba ikomewe na kufunguliwa mmoja mmoja. Kila mlango Inanna anavuliwa kitu, na kila akiuliza kulikoni anaambiwa anyamaze, taratibu za kuzimu hazihojiwi. Huwa tunaambiwa hii ni safari ya roho, mtu anavuliwa nafsi yake ya juu juu. Sawa, inawezekana. Mimi naona mfiwa anayemvua mgeni mapambo ambayo hakupaswa kuja nayo.

Na Inanna, hata akiwa uchi, haendi kukaa chini na mfiwa. Anamwinua dada yake kwenye kiti cha enzi, anakikalia yeye. Waamuzi saba wanamtazama kwa jicho la mauti, anakuwa maiti, na maiti inatundikwa kwenye kulabu. Nilipokuwa kijana nilimhurumia sana hapa. Siku hizi namhurumia kwa kiasi.

Huku juu amemwacha mtumishi wake, Ninshubur, na maagizo: nisiporudi, nililie, piga ngoma, jikwaruze uso, vaa nguo moja kama fukara, uende kwa miungu wakubwa, kila mmoja mjini kwake: kwa Enlil kule Nippur, kwa Nanna kule Ur, kwa Enki kule Eridu. Siku tatu na usiku tatu zinapita, Ninshubur anafanya yote kama alivyoagizwa. Enlil anakataa: binti yangu aliitamani mbingu, akatamani na kuzimu, apambane na alichokitaka. Nanna naye hivyo hivyo. Enki peke yake ndiye anayehangaika.

Anachofanya Enki ndicho kilichonifanya niandike leo. Hatumi jeshi. Anakwangua uchafu chini ya kucha zake, anaumba viumbe wawili, kurgara na galatura, anawapa mmea wa uzima na maji ya uzima, kisha anawafundisha adabu ya kuingia nyumba yenye msiba. Mtapenya mlangoni kama nzi. Mtamkuta mama amelala kwa ajili ya wanawe, mabega hayana kitambaa, kucha zake kama sururu, nywele kama mashada ya vitunguu. Akisema "Aa, moyo wangu," nanyi mseme, "Unaumwa, bibi yetu, aa, moyo wako." Akisema "Aa, ini langu," nanyi semeni, "Aa, ini lako."

Basi. Hakuna wosia wala "jikaze," na hakuna anayemweleza kwamba Gugalanna yuko pahali pazuri (kuzimu ndiyo hapo hapo, wangempeleka wapi?). Wanarudia maumivu yake alivyoyasema, na Ereshkigal anashtuka: ninyi ni akina nani? Anataka kuwapa mto mzima wa maji. Wanakataa. Anawapa shamba la nafaka. Wanakataa. Wanaomba ile maiti kwenye kulabu, wanapewa, Inanna anafufuka.

Lakini hatoki bure, lazima mtu achukue nafasi yake. Anapanda juu akiongozana na mashetani wasiokula, wasiokunywa, wasiopokea zawadi. Wanamtaka Ninshubur, lakini amevaa matambara na anajitupa vumbini miguuni pake, Inanna anakataa. Katika mji wa Umma wanamkuta mungu Shara vumbini, katika mji wa Bad-tibira wanamkuta mungu Lulal vivyo hivyo, wote wanaachwa. Halafu uwanda wa Kulaba, chini ya mtufaha mkubwa, yuko Dumuzi, mume wake, mungu mchungaji. Amekaa kwenye kiti cha enzi na vazi la fahari. Inanna anamtazama kwa jicho lile lile alilotazamwa yeye: mchukueni.

Wasomi wana maelezo ya majira, mchungaji anayekufa na malisho. Sibishani nao. Ila kosa la Dumuzi limeandikwa wazi: hakulia, na amevaa kama Inanna alivyovaa alipokwenda kuhani.

Tumeupata utenzi huu, zaidi ya mistari 400, kwa sababu wanafunzi wa uandishi waliunakili kwenye vibao vya udongo yapata miaka 3,700 iliyopita, wengi wao Nippur. Kibao kimoja kilivunjika vipande viwili, nusu ikaishia Istanbul na nusu Philadelphia, ikabidi wataalamu wa maandishi ya Kisumeri kama Edward Chiera na Samuel Noah Kramer waunganishe kati ya bara na bara. Na wanafunzi wale walimaliza kwa kumsifu Ereshkigal, Inanna hapewi neno la mwisho. Mshairi yule alijua msiba ulikuwa wa nani.

Ninapokwama ni kwa Geshtinanna, dada yake Dumuzi. Yeye wala hakumkosea mtu, lakini hukumu inasema nusu mwaka kaka yake akae kuzimu, na nusu mwaka akae yeye. Nimeupitia mwisho wote nikitafuta kosa lake, sijaliona. Shangazi anasema nisijisumbue, nimwambie kwanza matanga yale nani alikuwa anapika.