Kona ya kioo cha kinyozi
Leo asubuhi, baridi ya Mbeya bado inauma, nilikaa kwa kinyozi Mwanjelwa. Kwenye kona moja ya kioo, rangi ya nyuma imebanduka. Pale sikujiona, niliona ukuta wa matofali. Kumbe kinachoturudishia sura ni ule utando mwembamba wa madini ya fedha au alumini. Kioo chenyewe kinaubeba na kuulinda tu! Baadhi ya elektroni za metali, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, hazifungwi na atomu moja. Mwanga ukizifikia, zinatikisika nao, mara trilioni 500 hivi kwa sekunde, na kutoa mwanga wao. Mawimbi yanayoelekea ndani yanafutana, yanayorudi nje yanaungana, kwa pembe ileile ya mwanga ulioingia. Yaani sura niliyoitazama ilikuwa mwanga uliozaliwa palepale, jamani. Nilimwomba kinyozi asikibadilishe kile kioo.